Karanga kilo 20, chupa 40: uchambuzi wa gharama za siagi ya karanga ya nyumbani

Usuli

Kisa hiki kinahusu mama mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam aliyekuwa akitengeneza siagi ya karanga jikoni kwake. Jina, mtaa na nembo ya bidhaa vimeondolewa, na bei zimesogezwa kwenye namba iliyo karibu ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Humu ataitwa mzalishaji.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja alipika mkupuo mmoja kila wiki kwa kilo 20 za karanga zilizobanguliwa. Mdogo wake alimsaidia bila malipo. Siagi ilifungwa kwenye chupa za plastiki zenye lebo ya gramu 400 na kupelekwa kwenye maduka tisa ya mtaani. Mwenye duka alichukua kwa Sh 3,500 na kuuza Sh 4,500. Vifaa vilikuwa vya kawaida: majiko mawili ya mkaa, sufuria pana, ungo, beseni, na mizani ndogo ya jikoni ambayo muda mwingi ilikaa kabatini. Kusaga kulifanyika kwenye mashine ya mtu, kata ya jirani.

Siagi iliuzwa vizuri, na hapo ndipo penye utata. Hakuna chupa iliyorudi, maduka yalikuwa yakipiga simu kuulizia mzigo, lakini kila Ijumaa fedha ya karanga za wiki inayofuata ilipungua kidogo. Elfu tano au elfu kumi ilitoka kwenye matumizi ya nyumbani kuziba pengo. Mzalishaji aliamini tatizo ni madeni ya madukani, kwa kuwa sehemu ya mzigo ulitoka kwa mali kauli. Madeni yalikuwepo, lakini yalikuwa yakilipwa. Yalichelewesha fedha, hayakuipoteza.

Hesabu iliyokuwa kwenye daftari

Hesabu ya awali ilifanyika mara moja tu, siku biashara ilipoanza, na haikuguswa tena isipokuwa bei ya karanga ilipobadilika. Ilikuwa hivi:

Karanga kilo 20 kwa Sh 3,500: 70,000
Sukari kilo 1: 3,000
Chumvi pakiti 1: 500
Mafuta ya alizeti lita 1: 6,000
Kusaga kilo 20 kwa Sh 500: 10,000
Chupa 50 kwa Sh 500: 25,000
Jumla: 114,500

Kilo 20 ni gramu 20,000, ukigawa kwa 400 unapata chupa 50. Ukigawa 114,500 kwa 50 unapata Sh 2,290 kwa chupa. Kwa bei ya 3,500, faida ikaonekana kuwa Sh 1,210 kwa chupa, yaani Sh 60,500 kwa mkupuo. Kwa mikupuo minne ya mwezi hiyo ni zaidi ya laki mbili. Ndiyo maana alikuwa akizitafuta hizo fedha kwenye madeni: karatasi ilimwambia zipo.

Ile bei ya 3,500 yenyewe haikutoka kwenye hesabu hii. Ilitoka kwenye rafu ya duka, kwa kutazama siagi ya mtu mwingine inauzwaje. Huyo mwingine huenda ananunua karanga kwa tani na ana mashine yake. Bei ya jirani inakuonyesha mteja amezoea kulipa kiasi gani. Gharama zako haizijui.

Mikupuo mitatu iliyopimwa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutobadilisha chochote. Kwa wiki tatu mzalishaji aliendelea kupika vilevile, kununua kulekule na kuuza bei ileile, ila mizani ilitoka kabatini na kila hatua ikapimwa: kabla na baada. Sababu ya kupima mara tatu ni kwamba gunia halifanani na gunia. Kwenye kuchambua peke yake, upotevu ulikuwa kilo 0.9 wiki ya kwanza, 1.4 ya pili na 1.9 ya tatu. Angepima mara moja tu angechukua namba ya bahati nzuri au ya bahati mbaya.

Wastani wa mikupuo hiyo mitatu ulikuwa kama ifuatavyo.

Karanga zilizolipiwa zilikuwa kilo 20. Zilipofika nyumbani zilikuwa 19.8, kwa sababu mfuko ulipimwa pamoja na karanga na mizani ya sokoni ilikuwa na mkono mwepesi. Gramu 200 si nyingi, lakini ni Sh 700 kila wiki.

Kuchambua kuliondoa kilo 1.4: mawe, vipande vya maganda magumu, karanga zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Zikabaki 18.4.

Kukaanga kuliondoa kilo 1.0. Hiki ndicho kipengele ambacho wengi hawakitegemei, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kutupwa. Karanga mbichi iliyokaushwa vizuri bado ina unyevu wa kama asilimia 6 hadi 8, na ikikaangwa hadi kukauka hubaki na asilimia 1 au 2. Maji yanapaa na uzito unaondoka nayo. Zikabaki 17.4.

Kumenya na kupepeta kuliondoa kilo 0.7, ambazo ni ngozi nyekundu, viini vidogo na zile zilizoungua. Zikabaki 16.7.

Kisha kuna kilichoongezwa: sukari gramu 600, chumvi gramu 100, na nusu lita ya mafuta yenye uzito wa takriban gramu 460. Jumla iliyokwenda mashineni ikawa kilo 17.86.

Mashineni ilipotea nusu kilo, na sababu yake inafaa kujulikana. Mashine ya kukodi imetoka kusaga kitu cha mtu mwingine. Siagi ya kwanza inayotoka inasukuma mabaki ya huyo aliyetangulia, nayo haifai kuwekwa kwenye chupa. Mwishoni siagi yako nayo inabaki ndani ya mashine kumngojea anayefuata. Nusu kilo hii haitegemei umepeleka kilo ngapi, ni ileile kwa kilo 18 na kwa kilo 38. Nyumbani gramu 200 zaidi zilibaki kwenye ndoo, mwiko na beseni. Zikabaki kilo 17.16.

Ukigawa 17.16 kwa gramu 400 unapata chupa 42 na kitu. Zilizopatikana ni 40, kwa sababu chupa zilijazwa kwa macho hadi shingoni. Zilipopimwa moja moja, wastani ulikuwa gramu 425. Chupa yenyewe ina ujazo wa mililita 400, na siagi ya karanga ni nzito kuliko maji, hivyo mililita 400 zake hazikai kwenye gramu 400. Kila mteja alipewa gramu 25 za bure, kilo nzima kwa mkupuo.

Katika hizo 40, moja ilikwenda kwa kuonjesha au kumpoza mwenye duka. Zilizouzwa ni 39. Daftari lilisema 50.

Swali la haki ni: alikosaje kuliona pengo la chupa 10 kwa mwaka mzima? Jibu ni kwamba chupa tupu alizinunua mia mia, siagi ilikwenda madukani kwa mafungu ya chupa tano au nane kila siku, na hakuna siku zilizowahi kupangwa zote mezani na kuhesabiwa.

Hesabu mpya ya mkupuo uleule

Baada ya kupima uzito, kila fedha iliyotoka iliandikwa, hata ile ya bodaboda.

Viungo: karanga 70,000, kuzibeba kutoka sokoni 3,000, sukari gramu 600 kwa 1,800, chumvi 100, mafuta nusu lita 3,000. Jumla 77,900.

Kusindika: kusaga 9,000 (mwenye mashine hukadiria kwenda juu, hivyo 17.86 huwa 18), bodaboda ya mashineni kwenda na kurudi 4,000, mkaa 4,000, sabuni, maji na glavu 1,000. Jumla 18,000.

Vifungashio: chupa na kifuniko 500, nauli ya kuileta kutoka Kariakoo 40, lebo 150, sili ya plastiki 40, na 20 ya chupa zilizopasuka na lebo zilizobandikwa upande. Hiyo ni 750 kwa chupa, mara 40 ni 30,000.

Kazi: jumla ya saa 15 kwa watu wawili. Kuchambua saa 3, kukaanga 4 (kilo mbili kwa sufuria, dakika 25 kila mara), kumenya na kupepeta 2, safari ya mashine 2 na nusu, kuosha chupa, kujaza na kubandika lebo 3 na nusu. Kibarua wa mtaani hulipwa 10,000 kwa siku ya saa 8, yaani 1,250 kwa saa. Jumla 18,750.

Kusambaza: nauli 6,000 na makato ya kutoa fedha kwenye simu 1,600. Jumla 7,600.

Gharama za mwezi: bando, sehemu ya umeme na maji ya nyumbani, na uchakavu wa vyombo vilikadiriwa 20,000. Kwa mikupuo minne ni 5,000 kila mmoja.

Yote pamoja ni Sh 157,250. Ukigawa kwa chupa 39 zilizouzwa, chupa moja imegharimu Sh 4,032. Ilikuwa ikiuzwa 3,500.

Mapato ya mkupuo yalikuwa 136,500. Ukitoa kwenye gharama kazi ambayo hakuna aliyelipwa (18,750) na uchakavu ambao haukutoka mfukoni wiki ile (1,500), fedha taslimu iliyotoka ni 137,000. Pungufu ya Sh 500. Mkupuo uliopata gunia baya, au chupa mbili za zawadi badala ya moja, ulizama zaidi. Watu wawili walikuwa wakifanya kazi jumla ya saa 15 kwa wiki ili fedha izunguke na kurudi ilipokuwa.

Pengo la Sh 1,742 lilitoka wapi

Kati ya 2,290 ya daftari na 4,032 ya kweli kuna Sh 1,742 kwa chupa, na inafaa kuzigawanya, kwani kila sehemu ina dawa yake.

Namba ya kugawia, yaani idadi ya chupa, peke yake ilichangia Sh 518. Ukichukua vipengele vilevile vya zamani, ukapunguza tu chupa tupu kutoka 50 hadi 40, ukagawa kwa 39, unapata 2,808. Kazi isiyolipwa ilichangia 481. Nauli zote na makato ya simu 374. Lebo, sili na usafirishaji wa chupa 256. Mkaa, usafi na gharama za mwezi 256.

Kuna Sh 144 zinazokwenda upande wa pili. Mzalishaji alikuwa akijitoza zaidi kwenye sukari, chumvi na mafuta: aliandika kilo nzima na lita nzima, wakati kilichoingia kwenye siagi ni sehemu yake tu. Kilichobaki kilikwenda kwenye chai na kikaango cha nyumbani. Kusaga nako aliandika kwa kilo 20 wakati mashineni zinafika 18. Makosa ya namna hii yana hatari yake: yanampa mtu hisia kwamba ameweka kila kitu, tena amezidisha, hivyo haoni haja ya kutafuta zaidi.

Katika sehemu zote hizi, namba ya kugawia ndiyo isiyo na risiti. Nauli unaweza kuikumbuka ukiulizwa, na kazi unaisikia mgongoni. Kilo tatu na zaidi zilizogawanyika kati ya ungo, mvuke na mashine hazimdai mtu.

Maamuzi na sababu zake

*Kupunguza gharama kabla ya kugusa bei.* Kupandisha kutoka 3,500 hadi zaidi ya 5,000 kwa mara moja kungewafukuza wenye maduka, na kungewatoza wateja uzembe wa kujaza chupa kwa macho. Kwa hiyo bei iliachwa mwisho.

*Kujaza kwa mizani.* Chupa tupu inawekwa juu ya mizani, inarudishwa sifuri, inajazwa hadi 400. Gramu 25 zilizookolewa zina thamani ya kama Sh 140 kwa chupa, kwa sababu kilo moja ya siagi iliyokwisha kusagwa ilikuwa imegharimu Sh 5,589 kabla ya kufungashwa. Kupunguza chini ya 400 hakukujadiliwa. Lebo ikisema 400, ndani iwe 400. Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo.

*Kununua karanga zilizokwisha chambuliwa.* Hizi ziliuzwa 3,800 kwa kilo, na kwa macho ni ghali. Hesabu ya kilo safi inasema vingine. Za 3,500 zilitoa kilo 18.4 safi kwa 70,000, yaani 3,804 kwa kilo safi. Za 3,800 zikipoteza asilimia 2 zinakuwa 3,878. Tofauti kwa kilo 18.4 ni kama Sh 1,360, lakini zinaokoa saa mbili za kuchambua, ambazo ni Sh 2,500. Kwa mtu ambaye hajawahi kuhesabu kazi yake, uamuzi huu ungeonekana wa kipumbavu.

Kuchambua hakukuachwa, kulipunguzwa. Mtu anayejifunza kupima upotevu hupata kishawishi cha kurudisha ndani zile kilo 1.4 ili hesabu ipendeze. Karanga zenye ukungu ndizo hasa zinazobeba sumukuvu (aflatoxin, sumu inayotengenezwa na ukungu), na kukaanga kwa jikoni hakuimalizi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara, na viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo, 5 kwa ile aina ya B1. Zilizotolewa hazipewi hata kuku, kwani nao zinawadhuru. Upotevu wa kuchambua ni gharama halali ya bidhaa, unaandikwa kama unavyoandikwa mkaa.

*Kupika kilo 40 kila wiki mbili.* Nusu kilo ya mashine inapotea mara moja badala ya mbili, na bodaboda inabeba mzigo mkubwa kwa nauli isiyoongezeka sana. Kikwazo kilikuwa mtaji: kununua kilo 40 kwa mkupuo kulihitaji Sh 152,000 kwa siku moja. Alipata kwa kuruka wiki moja bila kupika na kukusanya madeni kwanza.

*Mafuta.* Ilipendekezwa mafuta yaongezwe ili kuongeza wingi. Ikakataliwa kwa namba. Mafuta ya 6,000 kwa lita ni zaidi ya 6,500 kwa kilo, ghali kuliko siagi yenyewe. Karanga tayari ina mafuta ya karibu nusu ya uzito wake. Yanayoongezwa ni ya kulainisha tu. Kinachoshusha gharama ni sukari, na hiyo mteja huigundua ulimini siku hiyohiyo.

*Bei.* Mkupuo mpya wa kilo 40 ulipopimwa ulitoa siagi kilo 37.1, chupa 92, na 91 za kuuza. Gharama zilikuwa: viungo 167,100, kusindika 33,500, vifungashio 69,000, kazi saa 24 kwa 30,000, kusambaza 13,000, gharama za mwezi 10,000. Jumla 322,600, yaani Sh 3,545 kwa chupa. Karibu Sh 490 zilikuwa zimeondoka bila mteja kuguswa.

Mzalishaji alitaka faida ya asilimia 20 ya bei. Hapa kuna mtego. Kuongeza asilimia 20 juu ya 3,545 kunatoa 4,254, na faida ya Sh 709 ndani ya 4,254 ni asilimia 16.7 tu. Kupata asilimia 20 ya bei unagawa gharama kwa 0.8: unapata 4,431. Aliweka 4,500. Tofauti hii huumiza zaidi pale mwenye duka anaposema "mimi nataka asilimia ishirini", kwani yeye anazungumzia bei ya rafuni, si bei uliyomuuzia. Kwa 4,500, maduka yaliuza 5,500.

Matokeo

Maduka matatu kati ya tisa yalikataa bei mpya. Sita yalibaki, mawili kati yake kwa kununua nusu ya walichozoea. Chupa 91 za kwanza zilichukua wiki nne kuisha badala ya mbili. Hilo liligusa gharama pia: ile 20,000 ya mwezi iliyotarajiwa kubebwa na mikupuo miwili ilibebwa na mmoja, na chupa ikafika kama Sh 3,655. Bado ilikuwa na faida ya Sh 845, na kwa mara ya kwanza mdogo wake alilipwa.

Katika mwezi wa tatu tangu bei mpya, mkupuo uliisha ndani ya siku 18. Duka moja kati ya yale matatu lilirudi. Mengine mawili hayakurudi.

Fedha ya karanga haikutolewa tena kwenye matumizi ya nyumbani. Bahasha ya biashara ilitenganishwa na pochi, na lita ya mafuta ya biashara ikawekewa alama ya kalamu kwenye nusu.

Kilichokwama

Chupa iliyojazwa gramu 400 kamili sasa ilionekana pungufu, kwani siagi ilifika mabegani tu. Wateja wawili waliirudisha dukani wakidai imepunguzwa. Kwa namna fulani walikuwa sahihi: walizoea 425. Chupa ndogo kidogo haikupatikana kwa bei ileile. Suluhu ya muda ilikuwa kushusha lebo hadi usawa wa mabega na kuandika GRAMU 400 kwa herufi kubwa. Ilisaidia nusu.

Kosa kubwa zaidi lilitokea baada ya mafanikio. Ili kuwarudisha waliokimbia bei, ilitengenezwa chupa ya gramu 250. Hesabu yake ilifanywa kwa uwiano: 3,545 mara 250 gawa kwa 400, ikatoka 2,216. Akauza 2,700 akiamini amepata karibu asilimia 18.

Siagi inafuata uwiano. Chupa, lebo na mikono haifuati. Viungo na kusindika ni Sh 5,451 kwa kilo ya siagi iliyoingia kwenye chupa, hivyo gramu 250 ni 1,363. Kifungashio kidogo hakikuwa nusu ya kikubwa: chupa 400, nauli 40, lebo 130, sili 40, upotevu 20, jumla 630. Kilo zilezile sasa zilijaza chupa 147 badala ya 92, na kazi ya kuosha, kujaza na kubandika ikapanda kutoka saa 6 na nusu hadi 10. Kazi yote ikawa 234 kwa chupa. Kusambaza na gharama za mwezi 156. Jumla ni 2,383. Faida halisi ilikuwa 317, chini ya asilimia 12. Chupa ndogo ilikuwa ikiuzika haraka kuliko kubwa, na kadiri ilivyouzika ndivyo faida ya mkupuo ilivyopungua. Ilipandishwa hadi 3,000 baada ya wiki sita.

Kuna gharama ambayo haimo kwenye hesabu hata sasa: njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mzalishaji mdogo huanza kwa barua ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lakini kurekebisha eneo la kupikia, nauli za kufuatilia na bidhaa za sampuli zina bei. Supamaketi kwa kawaida hazipokei siagi bila alama hiyo, na gharama zake zikija zitabidi zigawanywe kwa chupa za mwaka, si kwa mkupuo mmoja.

Karanga zikipanda

Karanga za Kanda ya Kati huwa rahisi baada ya mavuno na hupanda kadiri msimu unavyosogea mbali. Mzalishaji hana ghala, na gunia linalokaa chumbani hupata wadudu na unyevu, kwa hiyo hawezi kujilimbikizia. Alichofanya ni kutafuta namba moja ya kutembea nayo sokoni. Kilo 40 zikipanda Sh 100 kila moja ni Sh 4,000 zaidi, ukigawa kwa chupa 91 ni Sh 44.

Zikifika 4,300, chupa itagharimu 3,765 na faida itashuka hadi asilimia 16. Hapo ndipo aliamua atawapigia simu wenye maduka kabla ya kupika, badala ya kuwaletea bei mpya pamoja na mzigo kama alivyofanya mara ya kwanza. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ameandika "4,300" kwa kalamu nyekundu. Wiki hesabu hizi zilipofungwa, sokoni zilikuwa 4,100.